Tope la bandari likamwagwe wapi? Njia tano zilizolinganishwa kabla hujaenda barazani

Kila bandari ya pwani yetu inapopanuliwa, watu hubishana juu ya jambo moja: ichimbwe au isichimbwe. Mara nyingi jambo hilo huwa limekwisha kuamuliwa kabla wanakijiji hawajaitwa mkutanoni. Linalobaki wazi, na ambalo huulizwa na wachache, ni hili: kitakachotolewa chini ya maji kitawekwa wapi? Kilindini, bandari ya Mombasa, iliongezwa kina hadi mita 15. Dar es Salaam, gati namba 1 hadi 7 zikachimbwa kufikia mita 14.5. Lamu, upande wa Kililana, mlango wa meli ukakatwa kufikia mita 17.5. Mchanga, tope na vipande vya matumbawe vilivyotoka katika kazi hizo ni mamilioni ya mita za ujazo, na vyote vilihitaji mahali pa kulala.

Ninaamini uzuri wa hori (mkono wa bahari unaoingia nchi kavu) au ghuba huamuliwa na mahali hapo pa kulala kuliko na shimo lenyewe. Mlango wa meli ni mstari mwembamba kwenye ramani. Tope lililotupwa ovyo huenea pande zote, likafunika nyasi bahari, likaziba vijito vya mikoko na kubadilisha rangi ya maji kutoka bandari hadi mahali ambapo hakuna aliyewahi kuona meli kubwa. Kwa hiyo naziweka hapa njia tano zinazotumika duniani, ili mwenyekiti wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuko), diwani, mwalimu au mama anayeokota chaza aende barazani akijua anachokikataa na anachokiomba badala yake.

Kwanza ujue mzigo ni wa aina gani

Mchanga mzito huzama upesi. Tope laini lililoletwa na mto halina tabia hiyo. Chembe zake huelea kwa saa nyingi na kufuata mkondo, na maji yanapopwa na kujaa huchukuliwa huku na huko. Nyasi bahari zikikosa mwanga kwa muda mrefu hufa, na samaki aitwaye tafi anayezila huhama. Tumbawe hufunikwa likasongwa. Halafu kuna tope la gatini, mahali ambapo meli zimefunga kamba kwa miaka, zikivuja mafuta na kubanduka rangi zenye sumu ya kuzuia chaza wasishike. Hilo ni la kuogopwa zaidi, kwa sababu sumu yake ilikuwa imetulia chini na uchimbaji ndio unaoiamsha.

Mtu akikuambia mikoko inapenda tope, mkumbushe Mwache. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi katika hori hiyo, magharibi ya Mombasa, na eneo kubwa la mikoko likafa likiwa limesimama. Hakuna meli iliyomwaga kitu pale. Ni kwamba mikoko hupumua kwa mizizi iliyo juu ya ardhi, na udongo ulikuja mwingi kwa wakati mmoja hadi mizizi ikazikwa. Mkoko huzoea tope linaloongezeka kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, lakini mzigo wa meli moja baada ya nyingine hauwezi kuuzoea.

Uliza pia kama kazi ni uchimbaji mpya au ni usafishaji wa mara kwa mara. Uchimbaji mpya hufanywa mara moja kwa kishindo. Usafishaji hurudi kila baada ya miaka michache kwa sababu mto hauachi kuleta udongo, na mahali patakapochaguliwa leo pa kumwaga patatumika hadi wakati wa wajukuu.

Kumwaga baharini: karibu au mbali

Hii ndiyo njia inayopendwa na wakandarasi, kwani meli yenye tumbo la kubebea mchanga hujaza, huenda, hufungua milango ya chini na kurudi. Kila kilomita ya safari inagharimu mafuta na muda, na ndiyo maana mpango wa kwanza unaoletwa mezani huwa na mahali pa karibu.

Mifano miwili inaonyesha jinsi mahali pa kumwaga panavyoweza kukataliwa. Katika ghuba ya Chesapeake, Marekani, bandari ya Baltimore ilitaka kumwaga kiasi cha mita za ujazo milioni 13 na ushei kwenye shimo la chini ya ghuba karibu na kisiwa cha Kent, mahali palipopewa jina la Site 104. Hapakuwa mbali, na kwenye makaratasi palikuwa na kina cha kutosha. Wavuvi na wakazi waliuliza jambo ambalo halikuwa limepimwa vizuri: nitrojeni iliyolala ndani ya tope hilo itakwenda wapi ikishalegezwa? Ghuba ile tayari ilikuwa inasumbuliwa na rutuba nyingi iliyozidi, inayozalisha mwani na kumaliza hewa ya samaki. Mwaka 2000 gavana wa Maryland aliufuta mpango huo.

Australia walifika hadi kwenye marufuku. Mapema mwaka 2014 mamlaka inayosimamia hifadhi ya miamba ya matumbawe ya Great Barrier Reef ilitoa kibali cha kumwaga kiasi cha mita za ujazo milioni 3 kutoka bandari ya Abbot Point ndani ya mipaka ya hifadhi yenyewe. Kelele zilipanda hadi kwenye kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwaka 2015 serikali ikapiga marufuku kumwaga ndani ya hifadhi ile tope lolote linalotokana na uchimbaji mpya. Usafishaji wa kawaida haukuguswa na marufuku hiyo, na hapo ndipo nasema umakini unahitajika: sheria nzuri inaweza kuacha mlango wa nyuma wazi kwa kazi inayorudi kila mara.

Kwetu, jiografia inatupa nafasi ambayo wengi hawana. Mbele ya Mombasa sakafu ya bahari yenye maji mafupi ni nyembamba. Ukivuka miamba, kilomita chache tu, unakuta kina kirefu. Kwa hiyo mkandarasi anayesema bahari kuu iko mbali mno na Kilindini asisadikiwe haraka. Kaskazini mambo ni tofauti, maana kuanzia ghuba ya Ungwana sakafu hupanuka mpaka makumi ya kilomita, na safari ya kwenda kwenye kina inakuwa ndefu kweli. Huko ndiko kishawishi cha kumwaga karibu kinakuwa kikubwa, na huko huko ndiko kwenye uvuvi wa kamba.

Mkataba wa London wa 1972, unaohusu utupaji wa taka baharini, na Itifaki yake ya 1996 vinaruhusu tope la bandari kumwagwa baharini, ila kwa sharti kwamba kwanza lipimwe, na itazamwe kama linaweza kutumika kwa kazi nyingine. Kumwaga kunapaswa kuwa jibu la mwisho baada ya mengine kuangaliwa. Kwenye ripoti nyingi hugeuka kuwa la kwanza.

Hukumu yangu: baharini mbali, kwenye kina kirefu, nje ya miamba, kwa mzigo uliopimwa na kuonekana safi, inakubalika. Ndani ya ghuba, kwenye hori au karibu na fungu la wavuvi (mahali pao pa kuvulia), ikataliwe hata kama ni nusu ya bei.

Kujaza ufuko na mikoko ili kupata ardhi

Hapa niruhusuni nikae zaidi, kwa sababu hii ndiyo njia inayovutia watu wetu wenyewe. Tope linageuzwa kiwanja. Halionekani kuwa taka tena. Linaonekana kuwa maendeleo. Kituo cha pili cha makontena cha Mombasa, kilichokamilika awamu yake ya kwanza mwaka 2016, kimesimama juu ya sehemu iliyokuwa maji. Kila anayepita anaona ardhi mpya na hakuna anayeiona bahari iliyokuwa pale.

Tatizo la kujaza ni kwamba hakuna kurudi nyuma. Tope lililomwagwa baharini linaweza kusambaa, na baada ya miaka nyasi zikaota tena. Ghuba iliyogeuzwa kiwanja cha makontena haitakuwa ghuba tena. Na hasara haiishii kwenye mpaka wa kiwanja, maana maji yaliyokuwa yanapita pale yanalazimika kutafuta njia nyingine, au yanasimama.

Makupa inatosha kuwa somo kwa Mombasa nzima. Kwa miaka mingi barabara ya kuingia kisiwani ilipita juu ya tuta lililojazwa baharini, likakata mawasiliano ya maji kati ya hori ya Tudor na Port Reitz. Maji yaliyokuwa yakizunguka kisiwa yakakwama pande mbili, na pembeni pake jaa la taka la Kibarani likawa linamwagikia humo humo. Mwaka 2022 lilifunguliwa daraja la Makupa lililosimama juu ya nguzo, na moja ya sababu zake ilikuwa kuyapa maji nafasi ya kupita tena. Fikiria gharama: kwanza watu walilipa kujaza, halafu kizazi kingine kikalipa kujenga daraja ili kuondokana na kile kilichojazwa.

Huko San Francisco, karibu theluthi moja ya ghuba ilikuwa imeshajazwa au kuzungushiwa matuta kufikia miaka ya 1960, na taka za miji zilitupwa ukingoni kote. Ramani iliyotolewa mwaka 1959 na kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani ilionyesha kwamba kwa mwendo ule, kufikia 2020 ghuba ingebaki kama mto. Mwaka 1961 wanawake watatu wa Berkeley, Kay Kerr, Sylvia McLaughlin na Esther Gulick, walianzisha kampeni ya kuzuia mji wao usijaze ekari nyingine takriban 2,000. Mwaka 1965 sheria ya jimbo ikaunda tume ambayo hadi leo hakuna anayejaza sehemu ya ghuba hiyo bila kibali chake. Kilichonigusa katika habari yao ni kwamba hawakuwa wanasheria wala wanasayansi wa bahari. Walikuwa watu waliotazama maji kutoka nyumbani kwao na kuona yanapungua.

Florida ilitoa fundisho la kisheria. Wajenzi waliotaka kujaza kiasi cha ekari 11 za ghuba ya Boca Ciega walinyimwa kibali na wahandisi wa jeshi kwa sababu ya madhara kwa samaki na wanyama, ingawa ujazaji huo haukuzuia vyombo kupita. Walikwenda mahakamani wakidai wahandisi wana haki ya kuangalia njia za meli pekee. Mwaka 1970 mahakama ya rufani ilikataa hoja yao. Tangu hapo, swali la uhai wa ghuba likawa sababu halali ya kusema hapana.

Dubai nako, ambako vijana wengi wa pwani yetu wamefanya kazi, kisiwa cha Palm Jumeirah kilijengwa kwa mita za ujazo milioni 94 za mchanga uliofyonzwa chini ya bahari. Ukuta wa nje wa kuvunja mawimbi ulibidi ufunguliwe mapengo ili maji ya ndani yasisimame na kuoza. Hata wenye fedha nyingi kiasi kile walilazimika kuiachia bahari njia.

Kwa upande wa sheria, Tanzania ina kinga iliyo wazi: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Kenya ina ibara ya 42 ya Katiba ya 2010, inayompa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na ibara ya 70 inayomruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye binafsi ameumia. Hiyo ya mwisho ni silaha kubwa, na wengi hawajui wanayo.

Kujaza mikoko hai au ghuba yenye nyasi bahari nakuweka chini kabisa ya orodha yangu. Lamu peke yake ina takriban asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya. Kipande kinachokatwa pale hakina pa kufidiwa.

Kulizungushia ukuta

Tope likiwa na sumu, haliwezi kumwagwa wala kutumika. Linatakiwa lifungwe. Rotterdam walifanya hivyo kwa bwawa kubwa liitwalo Slufter, lililoanza kutumika mwaka 1987 na kujengwa kupokea takriban mita za ujazo milioni 150 za tope lililochafuliwa na viwanda vya kando ya mto Rhine. Lakini hawakuishia kwenye bwawa. Mji ulifuatilia sumu hadi kwenye mabomba ya viwanda vilivyokuwa vikiimwaga, hata nje ya Uholanzi, ukakubaliana navyo vipunguze. Tope likawa safi zaidi mwaka hadi mwaka, na bwawa likajaa polepole kuliko ilivyotarajiwa. Huo ndio mwendo ninaouheshimu, kwa sababu ukuta ulinunua muda wa kumfikia mchafuzi.

Upande wa pili kuna Gladstone, Australia. Mwaka 2011 ukuta uliojengwa kuzuia tope la bandari ulivuja, maji ya ghuba yakachafuka, na mwaka huo huo uvuvi ukasimamishwa kwa muda kutokana na samaki waliokuwa na vidonda. Chanzo cha vidonda kilibishaniwa sana. Kuhusu ukuta hakukuwa na ubishi mwingi: uchunguzi huru wa 2014 ulisema usanifu na ujenzi wake haukufikia kiwango kinachotakiwa katika kazi hiyo.

Kwa hiyo njia hii ni nzuri kwa tope lenye sumu, kama eneo ni ardhi ambayo tayari imeharibiwa, na kama kuna mtu atakayelinda ukuta baada ya mkandarasi kuondoka. Hilo la mwisho ndilo linalonitia shaka kwetu. Bajeti za kujenga hupatikana, za kutunza hukosekana.

Kuirudishia pwani kilicho chake

Sasa turudi Chesapeake, maana baada ya kukataa Site 104 hawakubaki na mikono mitupu. Kisiwa cha Poplar kilikuwa na zaidi ya ekari 1,100 katikati ya karne ya 19, na kiliwahi kuwa na kijiji cha watu wapatao mia moja. Mawimbi yalikila hadi miaka ya 1990 kikabaki vipande vya ekari chache. Kuanzia 1998 wahandisi wa jeshi na mamlaka ya bandari ya Maryland walizungusha matuta ya mchanga na mawe kwenye umbo la kisiwa cha zamani, na tangu 2001 wamekuwa wakipeleka humo tope la njia za meli za Baltimore. Limepandwa majani ya kinamasi. Kasa wadogo wa maji ya chumvi hafifu wanataga pale, na ndege wa baharini wanajenga viota. Mpango umepanuliwa hadi kufikia ekari 1,715. Gharama yake yote inapita dola bilioni 1, na sitaki mtu adhani ni kazi rahisi. Lakini linganisha: ghuba ile ile, tope lile lile, bandari ile ile. Njia moja ingelimwaga juu ya samaki; nyingine imerudisha kisiwa.

Uholanzi nao, mwaka 2011, walirundika mita za ujazo milioni 21.5 za mchanga mbele ya pwani karibu na The Hague, wakaiachia mikondo na mawimbi kazi ya kuusambaza kando ya ufuko kwa muda wa miaka ipatayo 20. Mchanga huo ulichimbwa makusudi kwenye Bahari ya Kaskazini, haukuwa taka ya bandari, ila funzo lake linatufaa: fukwe zinazoliwa na bahari zinaweza kulishwa mchanga safi bila ukuta wa zege.

Je, kwetu inawezekana? Kwa mchanga safi, ndiyo. Fukwe nyingi za Kenya na Tanzania zinaliwa, na ni uchungu kuona mchanga mzuri ukipelekwa kwenye kina kirefu huku kilomita chache kutoka hapo minazi inaanguka baharini. Kwa tope laini, tahadhari. Usikubali mtu achukue neno “kurejesha” akalitumia kumwaga matope juu ya mikoko iliyo hai. Urejeshaji wa kweli hupeleka mzigo mahali palipokwisha kufa au kuliwa, kwa kiasi kidogo kidogo, kwa kina ambacho mche wa mkoko au mchu unaweza kushika, na baada ya hapo watu wanapanda na kulinda. Tunao wajuzi wa kazi hiyo. Gazi, Kwale, jamii imekuwa ikitunza mikoko na kuuza hati za hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo kupitia mpango wa Mikoko Pamoja tangu mwaka 2013. Watu wa aina hiyo wanapaswa kuwa mezani wakati mpango wa tope unachorwa, si kuitwa kupiga picha siku ya kupanda miche.

Kuchimba kidogo

Njia ya tano haina mkandarasi wa kuipigia debe. Kila lori la udongo linalobaki shambani Machakos au Makueni ni lori ambalo halitafika Malindi kupitia mto Sabaki, na kila kilima kinachopandwa miti juu ya Mwache kinapunguza tope la Port Reitz. Malindi imeona maji yake yakigeuka kahawia na ufuko wake ukisogea kwa sababu ya udongo wa bara. Matuta ya mashambani ni nafuu kuliko meli ya kufyonza tope, lakini yanahitaji wizara zinazozungumza na kaunti za bara na pwani kukaa pamoja, jambo ambalo ni gumu kuliko kununua mafuta ya meli.

Kuna pia kina chenyewe. Meli kubwa zinaweza kuingia na kutoka wakati wa maji makuu badala ya kuchimba mita ya ziada. Bandari nyingi za dunia hufanya hivyo. Ukipewa ripoti, tafuta kama jambo hilo limezungumzwa. Kama halimo, liulize.

Ukizipima pamoja

Kwa bei ya siku ya kwanza, kumwaga karibu ndiko rahisi zaidi, kisha kujaza ufuko kama ardhi itauzwa, kisha kumwaga mbali, kisha ukuta, na kurejesha ndiko ghali. Kwa bei ya miaka 30, ninavyoona mimi, mpangilio unapinduka karibu wote. Hapo inahesabiwa dema (mtego wa samaki) isiyotoa kitu, mgeni wa hoteli asiyerudi kwa sababu maji ni ya kahawia, na daraja la kurekebisha tuta.

Kipimo cha pili ni kama kosa linaweza kurekebishwa. Kumwaga kunaweza kusimamishwa kesho asubuhi. Kujaza hakurudi nyuma. Ukuta unaweza kuimarishwa ukipata fedha. Urejeshaji ukienda vibaya katika sehemu moja, unasitishwa kabla ya sehemu ya pili, na hilo ndilo linalonifanya niuamini hata kwa ughali wake.

Cha tatu ni nani anayebeba hasara, na hapa Lamu imetuandikia kitabu. Wavuvi walikwenda Mahakama Kuu kudai kwamba bandari mpya imevuruga sehemu zao za uvuvi bila wao kushirikishwa ipasavyo. Mwaka 2018 mahakama iliwakubalia na kuagiza fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Iligusa haki ya mazingira safi, haki ya kupata habari na hata haki ya utamaduni wa watu ambao mji wao wa kale uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001. Ilikuwa hukumu kubwa. Lakini ilikuja wakati kazi inaendelea tayari, gati ya kwanza ikafunguliwa Mei 2021, na fidia yenyewe ikafuatiliwa kwa miaka. Mvuvi wa mtumbwi na mshipi hawezi kwenda nje ya miamba wakati wa kusi. Anategemea maji ya ndani, ambayo ndiyo yaliyochafuka. Fidia haimtafutii fungu jingine.

Nikiulizwa nichague, nitasema hivi. Tope lenye sumu lifungwe nchi kavu, kwenye eneo lililokwisha kuharibika. Mchanga safi upelekwe kwenye fukwe zinazoliwa. Tope laini safi litumike kidogo kidogo kufufua mikoko iliyokufa, na kinachozidi kiende kwenye kina kirefu nje ya miamba. Ghuba hai isijazwe. Na mkandarasi asipokubali safari ndefu, bei ya zabuni ihesabiwe upya.

Hata njia bora huharibiwa na uchimbaji wa ovyo. Bandari ya Miami ilichimbwa kati ya 2013 na 2015, na utafiti uliotolewa 2019 ulikadiria kwamba zaidi ya matumbawe nusu milioni yalikufa ndani ya mita 500 za mlango wa meli. Chembe laini ziliyafikia matumbawe hayo kwa sababu maji machafu yalikuwa yakimwagika kutoka kwenye vyombo wakati wa kazi. Kwa hiyo, pamoja na mahali pa kumwaga, dai kiwango cha uchafu wa maji ambacho kikipitwa kazi inasimama siku hiyo hiyo, na vipimo vyake vibandikwe ubaoni kwenye bandari ya wavuvi kila wiki.

Unapokwenda kutoa maoni kwa NEMA (mamlaka ya mazingira ya Kenya) au NEMC (baraza la mazingira la Tanzania), nenda na maandishi. Omba matokeo ya vipimo vya tope la kila sehemu, si wastani wa bandari nzima. Omba ramani yenye alama za latitudo na longitudo za mahali pa kumwaga. Maneno kama “eneo lililoidhinishwa” hayatoshi. Uliza meli itafuatiliwaje ikiwa njiani, kwani meli inayofungua milango nusu ya safari huokoa mafuta na hakuna anayeiona usiku. Halafu pelekeni ramani yenu wenyewe. Kaeni na manahodha na wanaotega madema, mchore kila fungu kwa jina lake, msimu wake na samaki wake, ya kaskazi kwa rangi moja na ya kusi kwa nyingine. Tieni sahihi, pigeni muhuri wa BMU, na mhakikishe imepokelewa na kupewa namba ya faili kabla leseni haijatolewa. Ikiwa kesi itakuja baadaye, karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba waliochora mpango walijua kilichokuwa chini ya maji yale.